Eti Nataka Urembo

Nina miaka 54 na sijawahi kuitwa mrembo. Mama aliyenizaa hakuthubutu. Mama Kevo, siku ya harusi yetu, alinitazama juu hadi chini akasema, "Hiyo suti imekaa vizuri." Suti. Sasa kampuni yangu ya bima imeniandikia barua yenye nembo, muhuri na sahihi ya meneja, ikinijulisha kwa masikitiko kwamba upasuaji wa ngozi ya tumbo ninaoutafuta ni urembo, na urembo hawalipii.

Mimi? Na hii sura?

Ngoja niwaeleze. Nilikuwa na kilo 148. Sikuziokota njiani, nilizijenga kwa bidii: nyama choma kila Ijumaa, chapati mbili mbili asubuhi, mutura pale stejini jioni, na kazi ya kukaa kwenye kiti katika ghala moja Viwandani nikihesabu magunia yanayobebwa na watu wengine. Makanga wa Jogoo Road walinijua kwa mbali. "Mzito, wewe ni wa viti viwili!" Na nilikuwa nalipa vyote viwili bila kelele, maana kweli nilikuwa nimevikalia.

Ikaja sukari, ikaja presha. Daktari akasema nipunguze. Bima nayo haikunyamaza. Kila mwezi simu inalia, nadhani ni mshahara, kumbe: "Mpendwa mteja, uzito uliozidi ni hatari kwa moyo wako. Chukua hatua leo." Basi nikachukua hatua, tena nyingi, kutoka Donholm hadi kazini kwa miguu nikila moshi wa malori. Mama Kevo akaanza kunipimia ugali kwa kikombe cha chai. Mutura nikawa naupita nimeziba pua. Leo nina kilo 86.

Mnadhani kuna mtu alinipongeza? Kukonda Nairobi ni kesi. Ukinenepa, pesa imeingia. Ukikonda, ama umefutwa kazi ama una ule ugonjwa unaotajwa kwa kunong'ona. Mwenye duka wetu alifunga daftari la mkopo bila kuniambia. Kanisani waliniombea kwa jina, nikiwa nimekaa palepale. Wakwe walimpigia Mama Kevo wakitaka kujua kama bado ananipikia.

Hayo nilivumilia. Taabu ni kwamba mafuta yalipohama, ngozi haikufuata. Imebaki hapa mbele kama hema la harusi baada ya wageni kuondoka na vyuma kung'olewa. Inaanzia chini ya mbavu, inapita kinena, inanipumzikia mapajani. Mshipi sijui niufunge wapi. Nikiufunga juu, ngozi inaninyemelea chini ya suruali. Nikiufunga chini, inamwagika juu ya mshipi na watu wanashusha macho. Wiki iliyopita, ndani ya matatu, makanga mgeni aliniangalia nikiwa nimejikunja kwenye kiti kimoja, kimoja tu jamani, akasema kwa heshima, "Mzee, huo mzigo weka chini ya kiti."

Vijana wa jimu ya mtaani ndio usiseme. Kila mmoja ni daktari. "Baba Kevo, piga sit-apu, itajivuta." Haijivuti! Daktari wa pale Upper Hill alinichorea kwenye karatasi. Ndani ya ngozi mna nyuzi zinazoifanya ivutike na kurudi mahali pake. Ukiivuta miaka ishirini kwa nyama choma, nyuzi zinakatika na kulegea, na kwa umri wangu hazijirekebishi. Misuli utaikaza kwa mazoezi, ngozi hapana, kwa sababu ngozi si msuli. Kinachobaki ni kisu. Halafu akataja bei, nikaona pikipiki mbili mpya zinapita mbele ya macho yangu na chenji ya petroli.

Na msidhani ni mambo ya kioo. Kioo nilikiacha zamani. Huko chini ya mkunjo hakuna hewa. Jasho linakaa, ngozi inasuguana na ngozi, fangasi wanajenga mtaa. Januari na Februari, jua la Nairobi likiwaka, panachubuka, panatoa maji, na harufu ambayo sitaielezea kwa sababu kuna watu wanasoma wakila. Julai kukiwa na baridi, angalau natembea wima. Nimepaka poda ya mtoto hadi yule kijana wa duka la dawa akaniuliza mtoto anaendeleaje.

Basi daktari akaandika barua kwa bima: upele usiokoma, vidonda, mgonjwa anapata shida kutembea na kujisafisha. Ndipo likaja lile jibu la urembo.

Nikapiga simu. Nikaambiwa na mashine kwamba simu yangu ni muhimu sana kwao, nikawekewa muziki muda wa kuivisha maharagwe. Kisha akashika kijana mwenye sauti tamu.

"Mzee wangu, nikusaidie vipi?"

"Kijana, mmesema tumbo langu ni urembo."

"Si mimi niliyesema, mzee. Ni hati. Angalia orodha ya vitu tusivyolipia."

Nikaangalia. Urembo umekalishwa katikati ya vita na kujijeruhi kwa makusudi. Kwamba nikienda vitani, nikijipodoa au nikijikata, nimejitakia. Halafu chini, kwa maandishi ya ukubwa wa chawa: isipokuwa upasuaji huo umesababishwa na ajali.

"Kwa hiyo nikigongwa na bodaboda hapa tumboni, mnalipa?"

Kimya. Nikasikia vidole vikibonyeza kompyuta.

"Ingetegemea ripoti ya polisi, mzee."

Sasa hebu tuhesabu pamoja, maana mimi ni mtu wa ghala, naamini hesabu. Nikiwa na kilo 148, hawa watu walilipia vidonge vya sukari. Wakalipia vya presha. Wakalipia vipimo vya moyo, vya figo, vya macho. Hawakuuliza swali. Nimekonda, daktari amenitoa kwenye vidonge vya sukari, vya presha amevikata nusu. Aliyepata faida ni nani? Mimi nimebaki na hema, wao wamebaki na pesa. Ningebaki mnene wangenilipia kila mwezi mpaka kaburini, na jeneza pana juu yake.

Na usisahau kwamba bima hii ya kazini ni ya ziada. Ile ya serikali inakatwa kama kawaida. Enzi za NHIF, kwa mshahara wa shilingi 60,000, ulikuwa unakatwa 1,300. Tangu Oktoba 2024 tumehamia SHA, asilimia 2.75 ya mshahara wote, kwa hiyo ni 1,650. Mimi nimepungua kilo 62, makato yameongezeka 350. Kwenye nyumba yetu kinachonenepa siku hizi ni makato tu.

Shemeji yangu, kaka yake Mama Kevo, ni muuguzi kule Minnesota. Nikamlilia kwa simu. Akacheka kwanza, shemeji ni shemeji, kisha akanieleza mambo ya Marekani. Kule nako bima hukataa urembo, lakini wametenganisha. Kukata lile pindo la ngozi linaloning'inia kunaweza kulipiwa kama tiba. Kukaza misuli na kutengeneza umbo la tumbo, huo ndio urembo, ujilipie. Kampuni nyingi zinataka ngozi iwe imeshuka chini ya mfupa wa kinena. Zinataka upele uwe umetibiwa miezi mitatu au zaidi na ukakataa kupona, na yote yawe kwenye faili. Uzito uwe umetulia kama miezi sita. Na zinataka picha, za mbele na za ubavuni.

"Mikono na mapaja je?" nikauliza, maana hata huko kuna mapazia.

"Hayo mara nyingi wanakataa. Shemeji, usiwe na tamaa."

Kwa hiyo nikaamua kukata rufaa hapa kwetu, nifuate masharti ya Wamarekani hata kama hakuna aliyeniomba, nione watasema nini. Siku hizi upele ukiamka, siendi tena duka la dawa. Naenda kliniki, uandikwe. Muuguzi akiniona mlangoni anaita, "Baba, umerudi?" Namjibu, "Nimerudi, sista, leo ni upande wa kushoto." Anaandika. Faili langu limeanza kunenepa, angalau hilo.

Uzito nao lazima utulie, usipande wala usishuke. Kwa hiyo Mama Kevo hataki nile na hataki niache kula. Kila tukipita Tom Mboya Street ananipandisha kwenye mizani ya yule kijana wa shilingi ishirini, mbele ya umma wote, anasoma namba kwa sauti. Nikizidi nusu kilo, jioni hakuna chapati. Nikipungua nusu kilo, nalazimishwa kula chapati. Hiyo ya pili siilalamikii.

Picha zikaleta shida. Kevo alikataa katakata, akasema kuna vitu mtoto hapaswi kuviona kwa baba yake, na Maandiko yanamuunga mkono tangu enzi za Nuhu. Mama Kevo alijaribu, lakini mkono unamtetemeka kwa kicheko. Nikaenda kwa fundi wa picha huko River Road, kile kibanda chenye pazia. Nikamweleza ni mambo ya hospitali. Akafunga pazia, nikavua shati.

"Mzee, nyuma uwekewe nyekundu au buluu?"

"Weka yoyote."

"Ni za pasipoti?"

Nikamuuliza ni nchi gani itaniruhusu kuingia na hii. Akapiga ya mbele, akapiga ya ubavuni. Akanionyesha kwenye kompyuta, halafu akainama karibu na sikio langu, kwa huruma ya kweli, akasema, "Mzee, hili tumbo nitakuondolea, bure. Dakika mbili tu." Na akaliondoa! Nikajiona nimesimama pale, kifua bapa, kijana wa miaka thelathini. Nairobi nzima, watu wa Upper Hill na maghorofa yao ya vioo, na mtu pekee aliyekubali kuniondolea ngozi ni fundi wa River Road, tena bila idhini ya bima. Nilikaribia kulia. Nikamwambia airudishe.

Rufaa nimeipeleka. Binti yangu ananiambia ikikataliwa tena niende Mamlaka ya Kudhibiti Bima, kwamba wanapokea malalamiko ya wateja. Nitaenda. Lakini naijua ile orodha, naijua na yale maandishi ya chawa, na nimeweka sahihi chini yake kwa kalamu yao.

Kwa hiyo ukoo ukaitishwa kwa simu tupange harambee. Nilieleza hali yangu kwa upole. Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti kwa sababu ndiye mwenye sauti kubwa, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, nimekuelewa vibaya au vizuri? Huku nyumbani tukichinja ng'ombe, mtu anakuja na pesa kuchukua ngozi. Wewe ngozi ni yako, na unataka sisi ndio tulipe ichukuliwe?"

Simu nzima ikacheka, pamoja na watu ambao sikujua wamo. Mpaka sasa ahadi zimefika shilingi 4,700 na jogoo.

Mama peke yake hakucheka. Mama yuko Vihiga na husikiliza mikutano yote akiwa amenyamaza, halafu anapiga simu baadaye.

"Hao watu watakata mpaka wapi?"

Nikamweleza alichonieleza shemeji: wanakata kutoka nyonga hii hadi ile, wanashona, misuli hawaigusi. Kitovu nacho mara nyingine kinaondoka na ngozi, kwa sababu kukihamisha na kukishonea mahali pake tena ni kazi nyingine, haimo kwenye bei.

"Kitovu?" Mama akapandisha sauti. "Kitovu chako nilikizika kwa mikono yangu chini ya mgomba. Hicho kilichobaki usimwachie mtu Nairobi. Waambie bima wakurudishie."

"Mama," nikamwambia, "hata wa Marekani wanakiita urembo."