Mti Uliofungwa Sebuleni

Bonsai yangu, yaani mti unaodumazwa chunguni ubaki mdogo, ni fikasi, mti wa ukoo mmoja na mkuyu, inakaa sebuleni karibu na dirisha. Majani mazuri, mizizi mizuri, ila shina limenyooka kama nguzo ya umeme. Wajapani wana mtindo wanaouita moyogi: shina linapinda huku, linarudi kule, halafu ncha inaishia juu, wima na pale mizizi ilipo. Roho yangu ikaupenda huo.

Sasa shina lilishafikia unene wa dole gumba, na la namna hiyo ukilipinda hivihivi linapasuka. Kwanza huvishwa rafia, nyuzi za majani ya mti jamii ya mnazi, iliyolowekwa, ndipo waya uzungushwe kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Rafia ningeitoa wapi? Nikachomoa miyaa ya shangazi, aliyefika jana yake kutoka Tanga na fungu zima la kusukia mkeka. Waya nikapata kwa fundi umeme, shaba ya nyaya kuukuu, nikaichoma kwenye jiko la mkaa mpaka ikaiva nyekundu. Shaba ikichomwa hulainika, ukishaipinda hukaza yenyewe.

Shina likagoma. Kila nikiliachia linarudi taratibu, kwa dharau kabisa. Nikalivuta kwa kamba ya katani mpaka ukingoni mwa chungu, na pale kamba inapogusa gome nikaweka kitambaa lisichubuke. Kitambaa kilichokuwa karibu kilikuwa chekundu. Kwenye tawi nikaning'iniza jiwe liinamishe. Nikapunguza na majani kidogo, utomvu mweupe ukachuruzika juu ya shaba. Kazi ya kuufunga mti wenyewe kwenye chungu, kwa waya unaopita matundu ya chini, ikabaki ya kesho. Nikalala.

Alfajiri nikasikia, "Auzubillahi!"

Nikatoka mbio. Shangazi amesimama na kanga yake ya kuswalia, kisu cha jikoni mkononi, macho kwenye mti.

"Shikamoo, shangazi."

"Shikamoo yako iweke. Nani huyu umemfunga?"

"Shangazi, hayo ni mapambo."

"Mapambo yana kitambaa chekundu? Yana jiwe? Yanatoka maziwa?" Akainama kuchungulia. "Na hii si miyaa yangu? Mwanangu, umeniingiza na mimi!"

Jirani yetu alikuwa anatoka msikitini, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata. Kusikia kelele akaingia bila hodi. Nikamwambia shangazi asiguse kamba. Akapiga bismillahi, akakata.

Shina likafyatuka. Mti ukang'oka chunguni mzimamzima, jiwe likagonga mlango wa jiko, udongo uliolowa na kokoto zake ukamwishia jirani kifuani. Shangazi alikuwa ameshafika barazani, bila kisu, bila kandambili moja.

Fikasi haifi kizembe. Nikaurudisha chunguni, ufa uliotokea shinani nikaufunga kwa miyaa ileile, safari hii kwa kificho. Shangazi naye akahamia kwa binti yake asubuhi hiyohiyo, na mkeka wake.

Jirani ndiye hakuondoka. Alijipangusa kanzu, akangoja sebule itulie, kisha akanisogelea.

"Jirani, mimi sina maneno. Kuna bwana mmoja ana laki mbili zangu tangu mfungo. Unafunga kwa shilingi ngapi?"