Unanunua uso au mgongo?

Malipo ya korosho yakianza kuingia, meza za saa hapa Mtwara mjini hugeuka njano tupu. Saa za "dhahabu", mkanda mzito, kioo kipana kama kisosi, elfu ishirini na tano ukijua kupatana. Nami nilinunua. Niliivaa kwenye harusi ya binti wa mjomba na kila picha nikatanguliza mkono. Haikupita miezi minne, pale bodi inapolalia ngozi unjano ukabanduka, pakabaki weusi wenye madoa ya kijani.

Nikaipeleka kwa fundi. Mzee akaigeuza, akanipa lenzi.

"Soma mwanangu."

Imeandikwa kwa Kiingereza kwamba mgongo ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi.

"Umeona? Mgongo tu. Kwingine kote shaba iliyopakwa."

Yaani maandishi hayakudanganya, mimi ndiye sikuyasoma. Shaba ya namna hiyo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, rahisi kuchongwa, ndiyo maana bei iko chini. Rangi ya juu ni utando tu. Jasho na chumvi vikiutoboa, shaba huanza kutoa ukijani. Usihangaike na sumaku kupima: haiishiki shaba, na stenlesi nzuri pia haiishiki. (Kuna saa za bronzi ambazo wenye pesa hununua ili zibadilike rangi hivyo hivyo. Mimi ya kwangu ilinitoa machozi.)

Kwa sisi tunaoishi na upepo wa bahari, nasema bora stenlesi tupu, isiyopakwa kitu. Ina kromu inayoifunika kwa ngozi nyembamba isiyoonekana, na ukiikwaruza, ngozi hiyo hujirudia yenyewe. Stenlesi ina madaraja: iliyoandikwa 316L imeongezwa madini ya molibdeni, kwa hiyo huvumilia maji chumvi kuliko ile ya kawaida, 304. Lakini nayo ukiogelea nayo Shangani kisha ukaiacha na chumvi yake, itapata vishimo. Isuuze kwa maji ya bomba.

Titani? Tamu. Ukiivaa unasahau, maana uzito wake ni kama nusu ya chuma na kidogo juu, na bahari haiifanyi kitu. Wajapani wa Citizen waliitengenezea saa tangu 1970. Ila bei, na ile rangi ya sufuria iliyosuguliwa majivu, hapana. Labda kama nikeli ya kwenye stenlesi inakuwasha ngozi, hapo sina neno.

Na kama kazi yako ni nyavu au saruji, achana na habari za chuma. Chukua Casio F-91W, ya plastiki, ipo tangu 1989, betri yake inakaa kama miaka saba. Kasoro yake kwangu ni moja: inaonyesha saba wakati ni saa moja asubuhi. Saa ya mishale mama huisoma kwa kutazama namba ya upande wa pili. Hiyo ya tarakimu anasema imetengenezwa kumchanganya.

Siku hizi kabla ya kuuliza bei naigeuza kwanza, nakwangua kidogo kwa ukucha pembeni mwa mkanda. Wauzaji hawapendi. Juzi kijana mmoja alinishika mkono.

"Kaka, kwani unanunua uso au mgongo?"

Nikamwambia mgongo.