Idadi ya watu: waacheni mama zetu

Siku ya pili ya sensa ya Agosti 2019, karani alipiga hodi nyumbani kwetu Likoni, Mombasa, tableti mkononi. Nyanya alimkaribisha vizuri, akamtandikia mkeka, akaagiza chai. Mambo yalikwenda sawa mpaka kijana yule alipouliza waliolala humu ndani usiku wa kuamkia tarehe 25 walikuwa wangapi. Nyanya akashika tasbihi yake, akanyamaza kidogo.

"Wana hawahisabiwi, mwanangu," akamwambia. "Ukiwahisabu wapungua."

Mamangu ndiye aliyemsihi. Hata alipokubali, Nyanya hakutoa namba. Alitaja majina, na karani akawa anahesabu mwenyewe. Kisha likaja swali la wanawake: umezaa wangapi, na walio hai ni wangapi? Nyanya alizaa wanane, walio hai watano. Wale watatu akawaeleza mmoja mmoja bila kuulizwa: aliyekwenda na surua, aliyepandwa na homa usiku wa mvua na zahanati iko mbali, na yule aliyeishi siku mbili. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, akagusa kioo mara moja, ikaingia 3. Mamangu akajibu: wanne, wote hai. Mimi: wawili, wote hai. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka 17, akajibu kuwa hana, akajifunika uso kwa mtandio.

Nimeikumbuka siku ile wiki iliyopita, ndani ya matatu ya Ukunda. Redio ilikuwa ikieleza idadi ya watu duniani, na abiria mmoja, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akasema kwa sauti: "Umasikini wetu twajitakia wenyewe. Wanawake wetu wazaa kama panya." Watu wakaitikia. Nilikuwa nimekaa na wanangu wawili, mmoja mapajani. Sikumjibu. Namjibu hapa.

Nianze na huo wingi wenyewe, maana ndio unaotishia watu. Dunia ilifika watu bilioni 8 Novemba 2022, na mwaka uliofuata India ikaipita China, kila moja ikiwa na zaidi ya bilioni 1.4. Tunazishindanisha nchi kwa idadi kama timu za mpira, na nyingine hata hazijahesabiwa siku nyingi: sensa ya mwisho ya Nigeria ilikuwa 2006, ya Kongo ya Kinshasa 1984, kwa hiyo hizo namba kubwa tunazotajiwa ni makadirio. Sisi Kenya tulihesabiwa 47,564,296. Ukitugawanya kwenye ardhi yetu tunapata watu 82 kwa kila kilomita ya mraba. Uholanzi ni zaidi ya 500 kwa kilomita hiyo hiyo, na hakuna anayesema Waholanzi ni masikini kwa sababu wamejazana. Niger ina ardhi tele na watu wachache juu yake, na ni miongoni mwa nchi zenye dhiki kubwa kabisa duniani. Wingi peke yake haukwambii kitu.

Kasi ndiyo inayosema. Iko njia ya haraka ya kuipima ambayo mwalimu wangu wa jiografia alitufundisha, na nashangaa haisemwi redioni: chukua 70, ugawanye kwa asilimia ya ongezeko la mwaka, jibu lako ni miaka ambayo watu watakuwa maradufu. Tanzania, kwa sensa yake ya 2022, ina watu 61,741,120 na inaongezeka kwa asilimia 3.2. Sabini kwa 3.2 ni kama miaka 22. Maana yake, mtoto aliyezaliwa Tanga siku ya sensa, akifika umri wa kuoa, atahitaji nchi yenye skuli mara mbili, vitanda vya hospitali mara mbili, walimu mara mbili, ili maisha yabaki pale pale yalipo leo. Hapo hujaboresha lolote. Dar es Salaam ya 1967 haikufika watu nusu milioni; ya 2022 ina 5,383,728.

Sisi tulikuwa wabaya zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa ikiongezeka kwa karibu asilimia 4 kwa mwaka, katika kasi kubwa kabisa zilizokuwako duniani wakati huo, na wastani ulikuwa watoto wanane kwa kila mwanamke. Wanane: nyanya yangu hakuwa wa ajabu, alikuwa ndiye Mkenya wa kawaida. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 umekuta wastani ni 3.4. Kutoka wanane mpaka watatu na kidogo, ndani ya maisha ya mtu mmoja. Kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2019, ongezeko letu lilikuwa asilimia 2.2 kwa mwaka. Mzee wa kwenye matatu anamtukana mwanamke wa 1978, na mwanamke huyo sasa ni bibi kizee aliyekaa barazani.

Swali ninalotaka ajiulize ni hili: nani aliwapunguza? Hakukuwa na askari mlangoni. Mimi najua kilichotokea nyumbani kwetu kwa sababu nimeyasikia majibu matatu mfululizo juu ya mkeka mmoja. Nyanya alizaa huku akizika. Aliwahi kuniambia kwamba ukiwa na watoto watatu wakati ule hukuwa na watoto, ulikuwa na matumaini. Mamangu alipojifungua mimi alipewa kadi ya kliniki, ile ya kukunjwa, na chanjo ya surua ikatiwa tiki ndani yake. Anayo mpaka leo, imo kwenye bahasha ya kahawia pamoja na vyeti vya skuli. Mama aliyeona wa kwanza, wa pili na wa tatu wakisimama, wakitembea, wakienda chuo cha Kurani na skuli, hahitaji kuhubiriwa. Mwaka 2003 watoto 115 katika kila 1,000 wanaozaliwa Kenya walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kufikia 2022 ni 41. Tazama namba hizo mbili na ile 3.4, zimeshuka pamoja, na mimi siamini ni bahati.

Sababu iliyobaki ni skuli ya wasichana. Nyanya aliolewa na miaka kumi na tano. Mamangu alimaliza darasa la saba. Mimi nilifika chuo kikuu, na mtoto wangu wa kwanza nilimpata na miaka 28. Hesabu miaka hiyo na utaona kizazi kizima kilivyosogea. Na pale ambapo kliniki na skuli hazijafika, kasi haijashuka: utafiti huo huo wa 2022 ulikuta wastani wa 7.7 Mandera na 2.5 Nairobi. Ni nchi moja, na wanawake hao wana akili ile ile. Tofauti yao ni barabara, daktari na mwalimu.

Wako wanaotaka njia ya mkato. Wanasema serikali itoe amri, kama China. China iliweka sheria ya mtoto mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikaishikilia mpaka 2015, na wanawake waliteseka kwa namna ambayo sitaki kuiandika hapa. Mwaka 2021 ikaruhusu watoto watatu, ikawabembeleza watu wazae. Mwaka 2022 watu wake walipungua kwa mara ya kwanza tangu 1961. Kuwafunga watu mlango kunawezekana. Kuufungua tena ndiyo kazi. Korea Kusini, ambako wastani mwaka 2023 ulikuwa 0.72, wametumia fedha nyingi kuwashawishi vijana wazae na vijana hawataki.

Mimi hupenda kuwatajia watu mfano wa Iran, hasa hapa kwetu ambako mazungumzo haya hugeuzwa ya dini upesi. Katika miaka ya 1980 mwanamke wa Iran alikuwa na wastani wa watoto zaidi ya sita. Kufikia 2000 ulikuwa kama wawili. Walikuwa na nyumba za afya vijijini, wasichana waliingizwa madarasani, waliotaka kuoana walipewa mafunzo kwanza, na wanazuoni wenyewe waliunga mkono. Bangladesh nayo, nchi ya Waislamu na masikini wakati ule, ilikuwa na wastani wa karibu saba mwanzoni mwa miaka ya 1970 na leo iko kwenye mbili hivi.

Kama kasi imeshuka, kwa nini basi twaendelea kujaa? Rudini kwenye mkeka wetu. Tufanye nusu ya watoto ni wasichana. Bibi mmoja anazaa wanane, wanne wanawake. Hao wanne wakizaa wanne wanne, wajukuu ni 16, na wanane kati yao ni wasichana. Hao wanane wakizaa wawili wawili, vitukuu ni 16 vile vile. Wanaozaliwa hawaongezeki tena, lakini wale 16 wa kabla yao wako hai, na mama zao wako hai, na wote wanataka pa kulala. Dereva ameshaondoa mguu kwenye mafuta na gari bado linakwenda. Hapo hakuna wa kumlaumu. Panahitaji mtu aliyekaa na karatasi miaka ishirini kabla akajua kuwa watu watakuja.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mwaka 1969 Mombasa nzima, kisiwa na bara zake, ilihesabiwa watu 247,073. Mwaka 2019 Likoni peke yake ilihesabiwa 250,358. Yaani mji mzima wa wakati wa ujana wa nyanya yangu umeingia Likoni tukabaki na chenji, na Kisauni ni kubwa zaidi, 291,930, karibu mara mbili ya Mvita yenye watu 154,171. Jumla yetu ni 1,208,333. Hizi si habari za ghafla. Zilihesabiwa kila baada ya miaka kumi, zikachapishwa, zikawekwa.

Bomba la maji la Mzima, linalotoka Tsavo zaidi ya kilomita mia mbili, lilitandazwa miaka ya 1950, mji haujafika hata watu laki mbili. Maji ya Baricho yakaongezwa, visima vya Tiwi vikaongezwa, na bado kwetu mfereji hutoa hewa siku nyingi kuliko maji. Alfajiri unasikia mkokoteni kabla ya adhana kwisha, mitungi ya lita ishirini ikigongana, na kijana anayeusukuma jasho limemvuja mgongo mzima. Bomba la pili la Mzima limezungumzwa tangu sijaolewa. Feri yetu, ile ya kati ya Likoni na kisiwani, huvusha zaidi ya watu laki tatu kwa siku. Wengine wamelala Kwale, kaunti jirani, wamehesabiwa Kwale, na mchana wanatumia barabara, vyoo na hospitali za kisiwani, kwa sababu sensa humhesabu mtu pale alipolala. Kaunti hugawiwa fedha kwa kutazama, pamoja na mengine, idadi ya watu wake. Mji unaofanya kazi mchana umepangiwa kwa hesabu ya usiku. Lawama hii ni ya ofisini. Haimhusu mama aliyejifungua wodini jana.

Tena wakati wenyewe ni huu. Nchi ambayo watoto wamepungua na wazee bado wachache hupata miaka kadhaa ambayo wenye nguvu za kufanya kazi ni wengi kuliko wanaowategemea. Korea Kusini na Thailand ziliitumia vizuri miaka yao: viwanda, ufundi, elimu. Nafasi hiyo haijirudii. Japani ilikwishaipita, leo zaidi ya robo ya watu wake wana miaka 65 na kuendelea, na watu wake wanapungua mwaka hadi mwaka. Sisi ndiyo kwanza tunaingia, na vijana wetu wameketi kwenye vijiwe vya bodaboda tangu asubuhi, vyeti vya kidato cha nne vimo kabatini.

Nchi nyingine zimeona walipo vijana na zimekuja kuwachukua. Saudi Arabia ilihesabu watu wake 2022, wakawa milioni 32.2, na kati yao milioni 13.4 ni wageni. Mdogo wangu, yule aliyejifunika uso kwa mtandio, amejaza fomu. Pasipoti imetoka. Karatasi za mkataba ziko juu ya meza chini ya kopo la sukari, miaka miwili, kazi za ndani. Juzi Nyanya alinipa nimsomee, nikamsomea ukurasa kwa ukurasa. Alisikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani amelala.

"Huko wahisabu watu?" akaniuliza.

Nikamwambia wanahesabu, mpaka wageni.

Akafumbua macho. "Basi na wamuhisabu," akasema, "lakini wajue ana kwao."