Makapera mashuhuri: nani aliwatunzia nyumba?

Majina ni yaleyale kila unapozuka mjadala wa kama kutooa humsaidia mtu kufanya makubwa: Newton mwanafizikia, Kant mwanafalsafa, Nobel wa tuzo, Tesla mvumbuzi wa mambo ya umeme, ndugu wawili Wright waliobuni ndege. Hawakuoa, wakafanya makubwa, basi husemwa kwamba ukapera ndio uliowapa nafasi. Hoja hii ina uzito. Kasoro yake kubwa ni kumtazama mwanamume peke yake, kana kwamba nyumba yake ilijifagia.

Uzito wake unaonekana kwenye karatasi ya Charles Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi ya viumbe. Mwaka 1838 aliigawa sehemu mbili, kuoa na kutooa, akaorodhesha faida na hasara. Kuoa kungempa watoto na mwenza wa uzeeni, ila kungempotezea muda na kupunguza fedha za vitabu. Immanuel Kant aliishi bila hofu hiyo. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshaamshwa, asubuhi alifundisha, mchana alikula mlo wake mmoja wa siku akiwa na wageni, kisha matembezi, na saa nne usiku amelala. Mwenye watoto wachanga hawezi kushika ratiba hiyo miaka nenda rudi.

Lakini aliyemwamsha Kant ni Martin Lampe, askari mstaafu aliyemtumikia takriban miaka 40. Naye Darwin alioa mwaka 1839, akapata watoto 10, na kitabu chake kikubwa, kinachoeleza asili ya spishi, kikatoka mwaka 1859. Alikuwa na mali ya ukoo, watumishi, na mkewe Emma aliyemuuguza miaka mingi. Mmoja kapera, mwingine baba wa watoto 10, na wote wawili walipata saa za kufikiri kwa sababu kazi za nyumbani zilibebwa na mtu mwingine. Mwanahisabati Leonhard Euler naye alipata watoto 13, ingawa wengi walifariki wadogo, na maandishi yake ya hisabati yanajaza makabati. Anayehesabu makapera tu bila kuwahesabu waliooa hajalinganisha chochote.

Kuna kosa jingine, la kuwaweka kapu moja watu wenye sababu tofauti kabisa. Newton alipopata nafasi ya uanazuoni Trinity College, Cambridge, mwaka 1667, masharti yalimtaka asioe; akioa, anaipoteza nafasi. Mpaka hapo huwezi kusema alichagua. Ila mwaka 1696 alihamia London kusimamia utengenezaji wa sarafu, mwaka 1701 akaiacha nafasi yake ya Cambridge, sharti hilo likawa halimhusu tena, na bado hakuoa. Mpwa wake, Catherine Barton, ndiye aliyemwendeshea nyumba huko. Kwa mtunzi wa muziki Franz Schubert kikwazo kilikuwa kipato: sheria ya Austria ya mwaka 1815 ilimtaka mwanamume wa hali yake athibitishe kwamba anaweza kutunza familia. Alifariki mwaka 1828 akiwa na miaka 31. Kusema aliikataa ndoa kwa ajili ya muziki ni kumsingizia. Mwanafalsafa René Descartes naye hakuoa, lakini alikuwa na binti, Francine, aliyefariki mwaka 1640 akiwa na miaka mitano.

Upande mmoja ambapo ukapera ulibadilisha jambo waziwazi ni urithi. Alfred Nobel hakuwa na mke wala mtoto, na wosia wake wa mwaka 1895 ulielekeza sehemu kubwa ya mali yake kwenye tuzo. Hata hivyo baadhi ya ndugu zake waliupinga. Gharama ya ukapera nayo ni ya kweli: Nikola Tesla alifariki Januari 1943 katika chumba cha hoteli New York akiwa peke yake, na mhudumu wa usafi ndiye aliyemkuta.

Mfano unaonishawishi kuliko yote ni wa Wilbur na Orville Wright. Mama yao alifariki mwaka 1889, na dada yao Katharine, akiwa na miaka 14, ndiye aliyeshika nyumba. Baadaye alisoma chuo, akafundisha Kilatini. Septemba 1908 ndege ya Orville ilipoanguka Fort Myer, kambi ya jeshi la Marekani, Katharine aliacha darasa akaenda kumuuguza hospitalini, na hakurudi kwenye ualimu. Mwaka 1926, akiwa na miaka 52, aliolewa. Orville alikasirika, hakuhudhuria harusi, akakata mawasiliano. Ukapera wa Orville ulikuwa umesimama juu ya dada asiyeolewa, na hasira yake inaonyesha alilijua hilo. Mwaka 1929 Katharine alipokuwa mahututi kwa nimonia ndipo kaka yake alipokwenda kumwona. Baada ya kifo cha dada yake, Orville aliishi karibu miaka 19 zaidi bila kuoa, akihudumiwa na Carrie Grumbach, mfanyakazi aliyeingia kwao akiwa msichana mdogo.