Nani aliigusa poti hii (tundu la waya wa mtandao)?

Wiki nzima ofisi moja hapa Kampala inanilalamikia eti intaneti ni mbovu. Napiga pingi (kijaribio kidogo cha kuona kama mtandao unajibu), safi kabisa. Nakopi faili la MB 200, linatambaa kama taksi za Jinja Road saa kumi na mbili jioni.

Kumbe fundi aliyenitangulia aliifunga poti ya swichi (kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta za ofisi) ibaki kwenye kasi ya Mbps 100, dupleksi kamili, yaani kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, akaenda zake. Kompyuta upande wa pili imeachwa ijipatanishe yenyewe, yaani ikubaliane na swichi kasi na dupleksi. Ikikosa wa kupatana naye, inatambua kasi tu, dupleksi inaangukia nusu, yaani kutuma na kupokea kwa zamu. Ndivyo kanuni zilivyo! Basi mmoja anaongea kama yuko kwenye simu, mwingine yuko kwenye redio ya upepo, anangoja "ova" isiyokuja. Huku migongano ya data ya kuchelewa, kule hitilafu za CRC (data imefika imeharibika), na taa ya kijani inawaka tu, inanicheka.

Waya umebadilishwa mara mbili, na ruta mpya ikanunuliwa (maskini ile ya zamani haikuwa na kosa). Jamani, acheni oto (zijipatanishe zenyewe) pande zote mbili, au fungeni zote mbili sawasawa! Kwenye gigabiti (Mbps 1000) ya waya wa shaba kujipatanisha ni lazima. Sasa hii tabia ya kufungafunga mmeitoa wapi?