Ruta Imeniita Mvivu

Tarehe 29 Juni, saa nne ya asubuhi, barazani kwangu Kibokoni wamekaa watu tisa wangoja niwajazie ritani za kodi. Mwisho ni kesho tarehe 30, na sisi watu wa hapa kodi hatuikumbuki mpaka harufu ya faini itufike puani. Kazi yangu ndiyo hiyo: kufaili ritani, kuomba pasipoti, kuandika barua za kazi. Ritani moja shilingi 100, na kikombe cha kahawa chungu mteja akiwa na adabu.

Niko na mama mmoja wa makamo. Nimeshajaza jina, namba, kila kitu, nimebakisha kubonyeza tu. Nabonyeza. Kile kialama cha waifai pale juu pembeni chazunguka kama tuktuk itafutayo abiria Makadara, kisha kimya. Fomu yarudi mwanzo.

"Tayari?" aniuliza.

"Bado, mama."

"Na jana ulisema bado."

Kweli, na jana nilisema bado.

Mateso haya nimekaa nayo miezi mitatu. Mtoto akiweka katuni, waifai yatulia tuli, hata saa mbili. Mimi nikinyamaza kidogo nisome, nikiinua kikombe, yaondoka bila kuaga. Na liniumalo zaidi ni kwamba mwaka 2009 zile nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zote mbili zilipandia hapa hapa Mombasa. Intaneti yatoka baharini, yatupita sisi wenye bahari yetu, yakwea bara mpaka kwa watu wa Kampala. Mimi niko hatua nne kutoka kwenye ruta, kile kisanduku kitoacho waifai, siipati!

Laptopu yenyewe alinitengenezea kijana wa ndugu yangu, alipoona Windows yangu yachukua nusu saa kuamka. Akafuta yote akanitilia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, hiyo aina waiitayo Ubuntu. "Ami, hii ni bure, na haikusumbui na virusi." Nikamuuliza hilo jina lina maana gani. Akanambia ni neno la Wazulu na wenzao, maana yake utu. Yakhe, utu gani huu wa kumwacha mtu njiani na fomu mkononi?

Lakini kijana ana imani. Kila Ijumaa baada ya swala huja kuitazama. Huibeba mpaka dirisha la upande wa jirani, akae hapo mpaka magharibi, asema hapo ndipo signali ilipo nzuri. Ruta iko upande mwingine kabisa wa nyumba. Sasa mimi ni nani nibishane na msomi?

Kila mtu ana tiba yake. Mke wangu asema ni hasadi, akafukiza ubani chini ya meza. Muuza kahawa asema ni kuta hizi za matumbawe, nene hata mkono wako hauufikii upande wa pili. Hapo sikumbishia, maana ukuta wa mawe ya bahari waila waifai kweli. Ila simu ya mke wangu, chumba hicho hicho, haikatiki hata siku moja. Hapo ningezinduka. Sikuzinduka.

Mimi nilimshuku jirani. Nilikuwa nimesikia kuwa maikrowevu hutumia masafa yale yale ya waifai, gigahatsi 2.4, ikiwaka yaweza kuvuruga mtaa. Nikavaa kanzu nikaenda kumpigia kelele mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtu wa watu, kisha akanishika mkono akanipeleka jikoni. "Hii hapa. Imeungua tangu Ramadhani. Twaiwekea mikate, panya wasile." Akanifungulia mlango wake nione. Mikate ilikuwamo.

Nikarudi nyumbani nikahesabu mitandao ya uchochoro wetu: 17, na karibu yote imejibana njia moja ya mawimbi, chaneli 6, kama abiria wa feri saa kumi na moja jioni. Nikahamisha ruta yangu chaneli 11, nikapumua. Siku mbili tatu nikajidanganya kuwa kumekuwa afadhali.

Basi hiyo asubuhi ya watu tisa nikampigia kijana. Nikaweka simu mezani kwa sauti kubwa, mikono ibaki kuandika.

"Ami, niko ferini, sema haraka. Fungua terminali, kile kidirisha cha kuandikia amri. Andika sudo dmesg, ituoneshe kumbukumbu za mashine."

Naandika. Yataka paswadi. Nagonga paswadi yangu, hakutokei herufi, hakutokei nukta, hakuna hata dalili kuwa kidole kimegusa kitu. Nikadhani kibodi nayo imekufa. "Andika tu, Ami, ndivyo ilivyo, yaficha." Nikaandika kipofu kipofu, nikabonyeza. Ikanijibu kwa Kiingereza kwamba mimi simo katika orodha ya wenye ruhusa, na tukio hili litaripotiwa.

Litaripotiwa kwa nani? Mimi hapa nimeshika kodi za watu tisa! Yule mama wa makamo akavuta kiti chake nyuma kidogo, asije akatajwa.

"Usiogope, Ami. Akaunti yako niliinyima ruhusa, usije ukaharibu vitu. Toka, ingia kwa akaunti yangu."

"Paswadi?"

Kimya. Nikasikia honi ya feri.

"Ami, nitakuja jioni niiandike mwenyewe."

"Mwanangu, nina watu wameketi tangu saa mbili!"

Akashusha pumzi. Akaanza kunitajia herufi moja moja, nami narudia kwa sauti, nisikosee. Herufi ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu yule mama akatabasamu. Kwenye ya nne barazani pakawa kimya, mpaka muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. Herufi ya tano ikakamilisha jina la binti wa jirani yangu, likifuatwa na 254. Na jirani mwenyewe, mwenye maikrowevu ya mikate, alikuwa wa tano kwenye foleni. Aliweka kikombe chake chini polepole sana.

"Umeipata, Ami?"

"Tumeipata, mwanangu."

Kijana wa watu hakujua simu iko kwenye sauti. Mimi nikakaza macho kwenye skrini.

Ikateremka mistari tele, na humo ule mstari wajirudia, wajirudia, kila baada ya dakika chache: wlp2s0, ndiyo kadi ya waifai ya laptopu, jina kama namba ya gari la magendo, imetengwa na ruta, sababu namba 4. Nikamsomea ile Kiingereza iliyo mbele ya hiyo nne. Akacheka.

"Maana yake ruta imekutoa kwa sababu umekaa bila kazi."

Mke wangu alikuwa amesimama na sinia ya mahamri. "Hata ruta imemuona," akasema.

Kumbe kadi ya waifai ilikuwa yasinzia. Linux kwa kuhurumia betri huiambia: usipokuwa na kazi, jipumzishe. Kadi nyingine hupumzika kiungwana, ikiitwa yaitika. Yangu yalala usingizi wa mlinzi wa ghala, ruta yaita, yaita, mwisho yaifuta kwenye daftari. Ndiyo maana katuni hazikatiki, zaiweka macho. Nami niliyekuwa nasoma taratibu kama muungwana ndiye nitolewaye!

Dawa yake, nawaapia, ni tarakimu moja. Kuna faili ndani ya folda ya NetworkManager, programu isimamiayo mtandao, jina lake laishia na powersave-on.conf, na ndani imeandikwa wifi.powersave = 3. Hiyo 3 ndiyo "lala". Unaifanya 2, unahifadhi, unaianzisha upya NetworkManager, basi. Miezi mitatu, ubani wa robo kilo, kanzu nimeivaa kwenda kugombana, kwa sababu ya tatu badala ya mbili.

Watu tisa niliwamaliza kabla ya adhuhuri. Jirani alipofikiwa alilipa 100 yake, akashukuru, hakusema neno jingine. Hilo lilinitia hofu kuliko angetukana.

Ijumaa kijana akapiga simu.

"Ami, waifai yaendaje?"

"Haijakatika tangu Jumatatu."

"Aa." Akanyamaza. "Basi nije nihakikishe haikatiki?"

"Njoo. Lakini jirani amenituma, ukija upitie kwake kwanza. Ana maikrowevu imeungua tangu Ramadhani, ataka kuona wajua kutengeneza nini."