Kofia Ngumu za Kupigia Picha

Wiki iliyopita nilialikwa shuleni kama mzazi. Mkandarasi anayejenga ghorofa jirani alikuwa anakabidhi madawati 50. Bango lilikuwepo, turubai, soda za baridi, na kipaza sauti kilichopiga miluzi kuliko kilivyotoa maneno. Ulipofika wakati wa picha, meneja wa kampuni, diwani na mwalimu mkuu walijibana kwenye dawati moja, wote watatu wamevaa kofia ngumu. Nyeupe, mpya, moja bado ina stika ya bei. Ndani ya darasa! Sijui walihofia dari au walihofia hesabu za darasa la nne.

Dirisha la darasa hilo linatazama saiti. Ghorofa ya tatu, juu ya mirunda, kijana alikuwa anapokea ndoo za zege. Kichwani kapelo, miguuni ndala, na ndala moja mkanda wake umeungwa kwa waya wa kufungia nondo. Hotuba ya "kurudisha kwa jamii" ilinishinda hapo hapo.

Jioni nikamkuta yule kijana kwa mama ntilie. Nikamuuliza, kofia zenu ziko wapi? Akacheka. "Zipo stoo, mkubwa. Zinatoka wakija wakaguzi." Siku hiyo zilitoka kwa ajili ya diwani, basi.

Sasa nauliza: huyu si jamii? Anapanga chumba mtaa huo huo. Mwanawe atakalia hayo madawati, Mungu akipenda. Au jamii ni ile tu inayotosha kwenye picha? Kampuni zetu za ujenzi zimelijua neno uwajibikaji, tena zimelijua sana, lina ukurasa wake kwenye kalenda ya mwaka mpya. Ila wamelielewa kama jambo la kufanyika nje ya mabati ya saiti. Ndani ya mabati ni shamba la mtu, usiingie.

Kofia ngumu si hisani, wakubwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo hapa Tanzania tangu 2003. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya 2008, na mchango wake anautoa mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Lakini saidia fundi wa kutwa utamfidia vipi wakati hayupo popote? Jina lake liko kwenye daftari la nyapara, kwa penseli: "Juma 2", kwa kuwa Juma wako wawili. Akianguka, penseli inafutika.

Nayajua haya. Nilipomaliza kidato cha nne nilibeba zege miezi miwili. Zege halilali, tuliambiwa, na kweli likishakorogwa hakuna kwenda nyumbani. Tulimwaga mpaka saa nne usiku kwa mwanga wa taa moja. Mwenzetu aliteleza na ndoo begani, mguu ukavunjika. Nyapara alitoa nauli ya bajaji. Sisi tukachangishana posho ya siku ile. Siku ya tatu nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine, na yule mtu alikuwa binamu yangu, ambaye mimi mwenyewe nilimwita. Sijawahi kuipenda hadithi hii.

Na hizo ni ajali za mmoja mmoja. Ijumaa Kuu, 29 Machi 2013, ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lililala chini na watu 36 wakafa. 16 Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, tukashinda siku kadhaa tukisikiliza sauti za watu chini ya kifusi. Mjenzi hana zawadi kubwa ya kuipa jamii kuliko jengo lisiloanguka. Lakini nani amewahi kuita waandishi wa habari waje kupiga picha nondo za unene unaotakiwa?

Vumbi la barabara ya mchepuko ambayo boza la maji halipiti, mashimo ya kifusi yanayoachwa yageuke mabwawa, saiti zenye wanawake na choo hakuna: nayo yana siku yake. Majirani zetu Uganda walifika mbali zaidi. Mwishoni mwa 2015 Benki ya Dunia ilifuta fedha za mradi wa barabara, baada ya wanakijiji kulalamika kwamba wafanyakazi wa mkandarasi wanawadhulumu mabinti wadogo kingono. Hebu niambieni, hapo unapeleka madawati mangapi?

Sawa, madawati yanakaliwa. Mwanangu alikuwa anarudi na sare imejaa vumbi la sakafu, sasa harudi nalo. Nakiri, ingawa inaniuma kukiri. Nakiri pia kwamba makandarasi wazawa wanacheleweshewa malipo, na zabuni anapewa aliyetaja bei ndogo, kwa hiyo kofia inakuwa ya kwanza kukatwa kwenye hesabu. Lakini mbona hela ya bango haikukatwa?

Wenye migodi, tangu sheria ilipobadilishwa 2017, wanatakiwa kila mwaka kuwa na mpango wa uwajibikaji kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri. Wajenzi nao wakiwekewa wa kwao, naomba ukurasa wa kwanza uanzie ndani ya mabati: kofia, buti, choo, na jina kamili la Juma 2 kwa kalamu ya wino.

Jana mvua ilinyesha, nikapita pale. Lile bango la makabidhiano wamelileta saiti, wamefunikia mifuko ya saruji, neno "Tunajali" limeangalia juu. Vijana walikuwa wamejibanza ukutani, wamelowa, wanasubiri ikatike wapande tena.